Stelingi yatetemeka nikikanyaga breki kwenye 80: nianzie wapi kabla ya kununua diski?

Mkaazi_wa_Likoni
Asalaam aleikum wana uzi. Gari ni Toyota Fielder ya 1500 cc, mbele diski, nyuma ngoma. Nikiwa kati ya 80 na 100 nikigusa breki taratibu, stelingi yacheza kushoto kulia kwa haraka. Chini ya 50 karibu hakuna kitu. Bila breki limetulia tuli hata kwenye 110. Balansi na alaimenti tayari, hali ni ile ile. Fundi ataka ninunue diski mbili na pedi. Hizi zilizopo zilifungwa mpya, zikawa sawa kwa muda, kisha mtetemo ukaingia polepole ukazidi. Kabla sijatoa pesa, jambo hili lapimwa vipi?

Spana_14
Diski zimepinda hizo. Toa, weka mpya, maliza mchezo.

Mzee_wa_Kukereza
Haraka ya nini, Spana? Mwenye gari ameshasema jambo muhimu kuliko yote: zilifungwa mpya, zikawa sawa, kisha ukaingia polepole. Diski ikipinda kwa joto haichukui miezi kupinda. Hapa kilichobadilika ni unene.

Ndugu Mkaazi, ni hivi. Diski ikiwa imekaa mshazari kidogo kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu), kila mzunguko sehemu ile ile yaigusa pedi, hata mguu wako ukiwa mbali na breki. Kilomita elfu kadhaa baadaye sehemu hiyo imelika kuliko nyingine, au imepakwa ngozi ya pedi. Sasa ukikanyaga, penye unene pistoni yasukumwa nyuma, penye wembamba yaingia mbele, na nguvu ya breki yapanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko wa tairi. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakovuta tai rodi, ile fimbo iunganishayo stelingi na gurudumu, na kufika mikononi. Magari mengi madogo huanza kulalamika tofauti ya unene ikifika milimita 0.02. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko hapo, kwa hiyo fundi anayekwambia ameona kwa macho kwamba diski imepinda, muulize ameona nini.

Ukifunga diski mpya juu ya sababu ile ile, utarudi hapa.

Binti_Bamburi
Mzee shikamoo. Kwa nini basi chini ya 50 hakuna mtetemo, ilhali diski ni ile ile?

Mzee_wa_Kukereza
Marahaba binti. Piga hesabu. Tairi la 185/65 R15 lina mzunguko wa karibu mita 1.95. Kwenye 80 kwa saa gari laenda mita 22.2 kwa sekunde, yaani tairi lazunguka mara 11 na kitu kila sekunde. Kwenye 100 ni mara 14. Mikono ya chini ya gari (vyuma vinavyoshikilia magurudumu), bushi zake za mpira na stelingi nzima vina mdundo wao wa asili ambao kwa magari ya aina hii huangukia humo humo, kati ya mara 10 na 15 hivi kwa sekunde. Midundo miwili ikikutana, mtetemo wakuzwa. Kwenye 50 tairi lazunguka mara 7, mdundo haujafikiwa, mikono haisikii. Ukishuka zaidi utausikia kwenye pedali, gari likisimama kwa kusitasita.

Ndiyo maana vilevile gari lenye bushi mpya huweza kuficha diski mbovu, na lenye bushi zilizochoka hutetemeka kwa kosa dogo mno.

Fundi_Magongo
Kabla ya kushika spana, barabarani kwanza. Ukikanyaga breki, sikiliza mtetemo uko wapi.

Ukiwa mikononi, ni mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafuni huku stelingi imetulia, shuku nyuma. Kwa Fielder yenye ngoma na handbreki ya kuvuta, kuna jaribio rahisi: barabara tupu, iliyonyooka na kavu, kasi 40 hadi 50, bonyeza kitufe cha handbreki kisikwame, vuta taratibu kabisa huku kidole hakitoki kwenye kitufe. Ikiwa gari lasita kwa mapigo, ngoma si duara tena. Likipungua mwendo laini, nyuma ni nzima. Usivute kwa nguvu, na usijaribu penye mchanga au maji. Nyuma ikikamata utageuka. Magari yenye handbreki ya kitufe cha umeme hayajaribiwi hivi.

Pedali ikitikisika kwa fujo pale tu unaposimama, kasi 5 au 10, na sauti ya kukwaruza, hiyo mara nyingi ni ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame) inayodanganywa na sensa yenye uchafu au kutu, si diski. Pwani hii tunaiona sana.

Na mkishuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mwenzake wa ekseli ile ile, kalipa hiyo (kibanio cha pedi) haiachii. Mwenye kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola atapata jibu zuri zaidi: tofauti ndogo si neno, lakini moja likiwa 70 na mwenzake 150, umeshapata pa kuanzia.

Dereva_wa_Mtwapa
Langu ni Forester, latetemeka kwenye 90 hata bila breki, nikikanyaga lazidi. Ni hii hii?

Fundi_Magongo
Hapana kaka, wewe una mambo mawili. Mtetemo usio na breki umalize kwanza: balansi, tairi lililovimba, rimu iliyopinda kwa shimo. Kama rimu si za kiwandani, pima tundu la katikati. Habu ya Subaru nyingi ni 56.1 mm, rimu yenye tundu kubwa zaidi yataka ringi ya kuziba nafasi, la sivyo nati pekee ndizo zinazoitafutia rimu kati. Ukishatulia hapo, ndipo uzungumze habari ya breki.

Mkaazi_wa_Likoni
Handbreki nimejaribu, nyuma laini. Joto la magurudumu ya mbele halina tofauti ya kushtua. Kwa hiyo ni diski za mbele. Nataka kupima mwenyewe, nina jeki na stendi, na jamaa ataniazima maikromita na geji ya mshale. Nielekezeni hatua.

Fundi_Magongo
Vizuri sana. Soma yote kabla ya kuanza.

Sakafu ngumu, mbao au jiwe nyuma ya tairi za nyuma, legeza nati gari likiwa chini, kisha pandisha na uweke stendi. Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake.

Toa gurudumu. Diski sasa haishikwi na kitu ila pedi, kwa hiyo rudisha nati zote nne moja kwa moja juu ya diski, na washa nene au nati za ziada chini yake ili zikaze, kisha kaza kwa msalaba. Bila hivyo diski itacheza na vipimo vyote vitakuwa uongo. Funga stendi ya sumaku kwenye chuma cha nako, kile kinachobeba habu, ncha ya geji iguse uso wa diski kama milimita 10 kutoka ukingoni, simamisha ncha wima juu ya uso. Zungusha diski polepole mzunguko mzima, tafuta pa chini kabisa, weka sifuri hapo, zungusha tena usome pa juu. Hiyo ndiyo kuyumba. Kwa Toyota nyingi kikomo ni 0.05 mm. Kama pedi zagandia, toa kalipa kwanza, zitaisukuma diski.

Kabla hujavua diski, weka alama ya chaki au rangi: tundu gani la diski lilikaa kwenye stadi gani (bolti za habu). Wengi wanasahau hapa, na baadaye hawajui kama diski ndiyo mbaya au habu.

Kisha unene. Maikromita, si kaliba ya plastiki. Pima sehemu 8 kwa umbali sawa kuzunguka diski, zote kwa kina kimoja, milimita 10 kutoka ukingoni. Andika kila kipimo. Toa kidogo kwenye kikubwa. Ikizidi 0.02, umempata mwizi. Linganisha pia kipimo kidogo kabisa na namba iliyopigwa muhuri kwenye diski, MIN TH, yaani unene wa chini kabisa. Chini ya hapo diski ni chuma chakavu, haikerezwi wala haifungwi tena.

Kuvua: bolti mbili kubwa nyuma zinazoshika bereketi ya kalipa. Ning'iniza kalipa kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa paipu ya mpira. Diski ikigoma, usipige nyundo usoni. Angalia katikati, kuna matundu mawili yenye uzi. Tia bolti mbili za M8, kaza moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, itajing'oa yenyewe. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni, ufute.

Spana_14
Hapo kwenye bolti za M8 nakubali. Wengi wanavunja beringi kwa nyundo.

Mzee_wa_Kukereza
Diski ikishatoka, itazame habu kwa tochi, uso ule bapa ambao diski hulalia, na pete ile inayoizunguka katikati. Hapa Mombasa utakuta kutu yenye maganda, hasa kuzunguka mizizi ya stadi. Hewa ina chumvi, mvua za masika magari yanapita madimbwini, na magari mengi yalishakaa yadi muda mrefu tangu kushushwa bandarini.

Ganda la kutu la 0.05 mm upande mmoja wa habu yenye upana wa milimita 130 linaiinamisha diski, na ukipima ukingoni ambako upana ni karibu 250, kuyumba kunakuwa kama 0.1. Yaani mara mbili ya kikomo, kwa uchafu usioonekana. Fundi aliyefunga diski mpya bila kusafisha hapo amekufungia tatizo pamoja na dawa yake.

Kusafisha: brashi ya waya, kisha msasa namba 80 uliofungwa kwenye kipande bapa cha mbao, si kidole, maana kidole hutengeneza mabonde. Kuzunguka stadi tumia brashi ndogo ya kikombe kwenye drili. Utoe kutu, usile chuma. Fanya vivyo hivyo ndani ya kofia ya diski, upande unaolalia habu. Futa. Grisi usipake kwenye uso huo. Filamu nyembamba sana kwenye pete ya katikati yatosha kuzuia kugandana, uso bapa uache mkavu.

Kisha pima habu yenyewe kwa geji, karibu na ukingo wake nje ya stadi. Ikiyumba na beringi haina mchezo, habu imepinda, pengine kwa shimo au ajali. Ikiwa beringi ina mchezo, hakuna kipimo cha diski kitakachokuwa cha kweli mpaka ibadilishwe.

Binti_Bamburi
Na kalipa zenyewe? Nasikia pini zikikwama zaleta mtetemo pia.

Fundi_Magongo
Kweli dada. Kalipa ya Fielder ni ya kuelea: pistoni moja ndani, na kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili. Pini zikikauka, pedi ya nje hubaki imeikumbatia diski, diski yapata joto upande mmoja, pedi yalika kishoroba. Toa pini zote mbili. Ziwe laini, zizunguke na kuingia kwa kidole. Yenye mikwaruzo au kutu badilisha. Safisha tundu lake, paka grisi ya silikoni ya breki, kidogo. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira na baada ya muda pini inakwama vibaya kuliko mwanzo. Moja ya pini huweza kuwa na mpira mwembamba mwishoni, usizibadilishane nafasi.

Angalia pia vile vibati vya chuma ambamo masikio ya pedi huteleza. Chini yake kutu hufura, vibati vyabana, pedi haziachii. Vitoe, pitisha faili chini yake mpaka chuma king'ae, urudishe. Pedi iteleze kwa kusukuma kwa gumba.

Kama pistoni hairudi kwa kubanwa na klampu, fungua nipeli, ile ya kutolea hewa. Ikirudi mara moja mafuta yakitoka, tatizo liko kwenye paipu ya mpira iliyovimba ndani, inayopitisha mafuta kwenda lakini kurudi hairuhusu. Isiporudi hata nipeli ikiwa wazi, ni pistoni yenyewe. Ukishafungua nipeli, toa hewa kabla gari halijaenda popote.

Mkaazi_wa_Likoni
Nimepima. Kulia: kuyumba 0.04, tofauti ya unene haifiki 0.01. Kushoto: kuyumba 0.12, tofauti ya unene 0.04. Habu ya kushoto ilikuwa na maganda kama mlivyosema. Baada ya kusafisha habu na kofia, nikairudisha kwenye alama, kuyumba kukashuka hadi 0.07. Bado kuko juu ya kikomo. Pini laini, beringi haina mchezo. Diski ya kushoto ina milimita 1.3 juu ya MIN.

Mzee_wa_Kukereza
Kazi safi. Sasa izungushe diski kwenye habu. Una stadi nne, kwa hiyo una nafasi nne. Isogeze stadi moja, kaza kwa msalaba, pima. Kila sehemu ina kosa dogo lake, diski na habu. Ukiyapanga yakabiliane hufutana, yakilalia upande mmoja hujumlishana. Chukua nafasi yenye namba ndogo kabisa, uitie alama ya kudumu.

Mkaazi_wa_Likoni
Nafasi ya tatu imetoa 0.03! Nifunge niende?

Mzee_wa_Kukereza
Ukifunga hivyo bado itatetemeka, maana tofauti ya unene ya 0.04 bado imo. Umeondoa kilichoisababisha tu, kovu bado lipo. Kwa 1.3 juu ya MIN una nafasi ya kukereza, yaani kukata uso kwa mashine.

Lakini chagua wa kukereza. Kwanza tazama uso: ukiona madoa ya buluu au meusi yanayong'aa, chuma kimebadilika kwa joto, ni kigumu na kimeingia ndani. Kisu kitaruka juu yake na madoa yatajitokeza tena. Diski hiyo itupe. Isipokuwa na madoa, mkerezaji aishike kwa kofia iliyosafishwa, akague kuyumba mashineni kwa geji kabla ya kukata, akate 0.1 hadi 0.2 kila upande, na nyuso zote mbili zikatwe bila kuifungua na kuigeuza. Akiigeuza katikati ya kazi, nyuso hazitakuwa sambamba, umelipia tatizo jipya. Amalizie kwa msasa namba 120 au 150 kuvunja mistari ya kisu. Ikija nyumbani ioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kwa sababu vumbi la chuma huingia kwenye pedi. Kausha upesi. Baada ya kukereza pima tena unene na kuyumba ikiwa juu ya habu yako; mashine ya mtu isikufanye ujiamini.

Spana_14
Mimi bado nasema muda wa kukereza na kupima, bora mpya. Diski mpya ya bei ya kati si ghali kwa Fielder.

Mzee_wa_Kukereza
Kwa gari la abiria linalolala barabarani nakubaliana nawe kabisa. Ila mpya pia isafishwe mafuta ya kuhifadhia na ipimwe kwenye habu. Kuna mpya dukani zenye 0.08 zikiwa bado ndani ya karatasi.

Pancha_Kongowea
Na nyie wenye magari mtuachie lawama kidogo. Bunduki ya upepo ikikaza nati kwa mfuatano wa duara, ya kwanza mpaka mwisho, diski inabanwa mshazari. Mwambie anayekufungia: zote zishikishwe kwa mkono, kisha msalaba, duru mbili au tatu, mwisho spana ya torki. Corolla na jamaa zake ni 103 Nm. Bunduki iishie kwenye kushikisha tu. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zina nati za washa bapa, usizifunge na nati za koni.

Binti_Bamburi
Hilo la pancha lastahili kubandikwa ukutani.

Fundi_Magongo
Pedi. Ukikereza au kununua diski, pedi za zamani zina umbo la diski ya zamani. Zikiwa na zaidi ya nusu na hazijapata mafuta, zisugue kwenye msasa namba 80 juu ya kioo mpaka uso wote uwe na rangi moja. La sivyo mpya.

Kisha zilaze, yaani zizoeane na diski. Barabara tupu alfajiri, Dongo Kundu inafaa: kutoka 60 shuka hadi 15 kwa breki ya wastani, mara 8 hadi 10, kati ya kila moja acha nusu dakika ya mwendo. Usisimame kabisa mpaka umalize, na ukimaliza endesha dakika 10 bila kuzigusa sana. Diski ya moto ikisimama chini ya pedi iliyobanwa huachiwa chapa ya pedi, na chapa hiyo huwa mwanzo wa mtetemo mwingine.

Ndiyo maana mteremko wa Mazeras kuja Miritini shuka kwa gia, S au B kwenye gia otomatiki ya CVT, usishike breki njia nzima. Ukifika foleni ya Changamwe au ya feri na diski zinanuka, acha nafasi mbele, lisogee kidogo kidogo badala ya kulikanyagia mahali pamoja. Mahali bapa tia P. Na usiingie kwenye kuosha gari moja kwa moja kutoka safari. Maji baridi kwenye diski ya moto ni njia fupi ya kuipinda kweli, Spana, hapo ndipo neno lako linapofaa.

Spana_14
Haya, nimepokea.

Mkaazi_wa_Likoni
Swali moja. Ya kulia ni nzima kwa vipimo. Nikikereza kushoto peke yake, gari halitavuta upande?

Mzee_wa_Kukereza
Kukata 0.15 kila upande hakubadilishi nguvu ya breki, nguvu yatoka kwa pistoni na pedi. Kinachovuta ni uso: moja mpya yenye mikwaruzo ya msasa, nyingine imeng'ara kwa pedi ya zamani, misuguano haifanani. Kwa hiyo kushoto kereza, kulia ipitishe msasa namba 120 kwa mkono kwa mwendo wa duara ndogo, pande zote mbili, na pedi za pande zote mbili ziwe za aina moja, boksi moja. Ukinunua mpya, nunua mbili. Na habu ya kulia isafishe vilevile hata kama imesoma 0.04, kutu yake iko njiani.

Fundi_Magongo
Ongeza hili ukiwa bado umeinua gari: mtaimbo kwenye bushi ya nyuma ya mkono wa chini, uisukume mbele na nyuma. Mpira ukiachana na chuma au ukipasuka kuzunguka, badilisha mikono yote miwili kabla ya alaimenti, si baada yake. Kisha shika gurudumu saa tatu na saa tisa kwa tai rodi, saa kumi na mbili na saa sita kwa bol jointi na beringi. Ukimaliza, pita tena kwenye nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Uso uliotolewa kutu hukaa, na nati hulegea kidogo.